Rapa chipukizi watatu, fedha za mmoja: yupi wa kumsimamia?

Tuseme una fedha na muda wa kumsimamia rapa mmoja tu. Mbele yako wamekaa watatu, wote wakali wa michano, wote vijana, na kila mmoja ana watu wanaoapa kwamba huyu ndiye. Wa kwanza wimbo wake umelipuka mtandaoni, kila ukifungua simu unakutana nao. Wa pili hana wimbo mkubwa hata mmoja, ila amejichimbia: kandamseto (mixtape) tatu, shoo ndogondogo, na mashabiki wachache wanaomfuata popote anapokwenda. Wa tatu ameshikwa mkono na staa. Keshapewa ubeti kwenye kolabo ya bosi wake, na sasa jina lake halikosi kutajwa kwenye mahojiano.

Niseme mapema ninaposimama ili usome ukijua. Mara nyingi namchukua wa pili. Si kwa sababu ana kipaji kuliko wenzake, maana hapa hatupimi vina. Tunapima nani ataweza kuuza kitu mwaka ujao, na mwaka unaofuata, kwa watu walewale waliomlipa mwaka huu.

Aliyelipuka

Uzuri wake unaonekana kwa macho. Kazi ya kumtambulisha imeshafanyika bila wewe kutoa hata senti, na waandaaji wa shoo ndio wanaopiga simu. Mwenye fedha kidogo akikutana na rapa wa namna hii anaona kama ameokota.

Mfano ambao kila mtu huutaja ni Lil Nas X, rapa wa Marekani, na unastahili kutajwa. Mwaka 2018 alinunua biti mtandaoni kwa dola 30 kutoka kwa prodyuza wa Uholanzi, YoungKio, akaitumia kutengeneza wimbo wa Old Town Road na kuutoa Desemba mwaka huohuo. Machi 2019 Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, wakauondoa kwenye chati ya muziki wa kantri, na mabishano yaliyofuata yakawa mafuta kwenye moto. Aprili ikaja rimiksi akiwa na Billy Ray Cyrus. Wimbo ukakaa namba moja ya Hot 100, chati yao kuu ya nyimbo, kwa wiki 19, rekodi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yake. Kwa biti ya dola 30.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu na kutoa hundi. Mimi naomba uweke pembeni yake rapa mwingine, Desiigner. Naye alinunua biti mtandaoni, kwa dola 200, kutoka kwa prodyuza wa Uingereza anayeitwa Menace. Wimbo wake, Panda, ukatoka mwishoni mwa 2015, Kanye West akausikia, akamsaini, akaweka kipande chake ndani ya albamu yake ya Februari 2016, na Mei mwaka huo ukafika namba moja. Kijana ndiyo kwanza alikuwa anatimiza miaka 19. Angalia: huyu alikuwa na mlipuko na mkono wa staa kwa pamoja, vitu viwili ambavyo wengi huviomba kimojakimoja. Wimbo uliofuata, Tiimmy Turner, uliishia namba 34, na baada yake hakupata tena mwingine wa uzito wa ule wa kwanza.

Tofauti ya hao wawili si bahati peke yake. Lil Nas X alikuwa mtu wa mtandao kabla hajawa rapa. Alijua kutengeneza vichekesho vya picha, alijua watu wanacheka nini na wanagombania nini, na wimbo wake aliusukuma mwenyewe kwa njia hizo kabla lebo (kampuni ya muziki) haijamfuata. Ule ujuzi ulibaki naye hata wimbo ulipopoa, na mwaka 2021 akarudi namba moja mara mbili kwa nyimbo nyingine kabisa. Kwa hiyo ukiletewa rapa aliyelipuka, acha kwanza kuuliza wimbo umesikilizwa mara ngapi. Uliza ni nani aliyeulipua. Ni yeye kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake, au ni mtu asiyemjua aliyecheza dansi mbele ya kamera wimbo ukawa nyuma yake? Akiwa hawezi kukueleza ilivyotokea, hataweza kuirudia.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko takwimu zote za simu. Niliwahi kusimama nyuma ya ukumbi, karibu na meza ya sauti, usiku ambao rapa wa wimbo mmoja alikuwa anatumbuiza. Alikosea akaanza na ule wimbo. Ukumbi ulikuwa msitu wa simu zilizoinuliwa juu, watu wakaimba kiitikio mpaka sauti zikakauka. Ubeti wa kwanza waliufuata kwa kuokotezaokoteza maneno. Ubeti wa pili wakanyamaza. Alipoingia wimbo wa pili simu zikashuka zote kwa pamoja, kama mtu aliyezima taa, na mlango wa kutokea ukaanza kufunguka na kufungwa. Wale watu walikuja kuuona wimbo. Aliyeuimba hawakuwa wanamjua.

Wiki chache baadaye nikaenda kumwona mwingine, kwenye ukumbi wa watu wasiozidi mia. Hakuwa na wimbo wowote uliokuwa unavuma. Katikati ya shoo mashine ya sauti ikakata, akasimama bila biti, na watu wakaumalizia ubeti wa pili wao wenyewe, neno kwa neno, yeye akiwaangalia tu. Baadaye kwenye meza ya fulana palikuwa na foleni. Nilihesabu fulana zilizobaki mwishoni: nne, zote za saizi ndogo. Tangu usiku ule ubeti wa pili ndio mzani wangu.

Aliyejichimbia

Huyu ndiye anayedharauliwa, kwa sababu takwimu zake ni ndogo. Basi tufanye hesabu.

Oktoba 2013 rapa Nipsey Hussle, akiwa ameshaachana na lebo kubwa ya Epic, alitengeneza nakala 1,000 za kandamseto yake Crenshaw na kuziuza dola 100 kila moja. Nyimbo hizohizo zilikuwa zinapatikana bure mtandaoni. Watu waliona ni wazimu. Nakala zikaisha ndani ya siku moja, na Jay-Z peke yake alichukua 100. Hiyo ni dola 100,000 kabla ya gharama, kutoka kwa umati usiojaza hata ukumbi wa wastani.

Sasa upande wa pili wa mzani. Majukwaa ya kusikilizia muziki hayana bei moja ya kila usikilizaji, yanagawa mfuko mmoja wa mapato kulingana na nani kasikilizwa kiasi gani. Makadirio yanayotumika sana ni dola 0.003 hadi 0.005 kwa kila mara wimbo unaposikilizwa. Tukichukua katikati, 0.004, ili kufikisha dola 100,000 wimbo unatakiwa usikilizwe mara milioni 25, na hapo bado hujatoa fungu la lebo, la msambazaji, la prodyuza na la mwenye kipande cha muziki kilichonakiliwa. Watu elfu moja upande mmoja, mara milioni 25 upande wa pili, mkwanja uleule. Ukiielewa hesabu hii hutamwangalia tena kwa jicho la huruma rapa mwenye mashabiki 2,000 wanaonunua.

Mtu wa namna hii akipata mfumo mzuri nyuma yake anaweza kufika mbali bila kubadilisha njia. Rapa Mac Miller alitoa kandamseto ya KIDS mwaka 2010, akazunguka na shoo za kumbi ndogo, na Novemba 2011 albamu yake ya kwanza, Blue Slide Park, ikaingia namba moja ya Billboard 200, chati ya albamu, ikiwa chini ya lebo ndogo ya Rostrum, kwa nakala takribani 144,000 wiki ya kwanza. Ilikuwa albamu ya kwanza ya msanii mpya iliyosambazwa kwa njia huru kufika pale tangu 1995. Rapa Tech N9ne naye, pamoja na mshirika wake Travis O'Guin, walianzisha lebo yao, Strange Music, mwaka 1999 na kuijenga kwa ziara ndefu na mauzo ya fulana na bidhaa nyingine, redio zikiwa hazimchezi kama wenzake.

Lakini nisimpambe. Kwanza, anachosha. Unalipia usafiri wa watu watano kwenda kutumbuiza mbele ya watu sitini, na mwezi unaofuata hivyohivyo. Meneja kwa kawaida anachukua asilimia 15 hadi 20 ya mapato, na asilimia 20 ya kidogo ni kidogo. Ukiwa huna akiba utamkimbia kabla hajaiva, na utakuwa umemharibia yeye pia. Pili, ana nyimbo nyingi za zamani zisizosikilizwa sana, na tangu 2024 mtandao wa Spotify haulipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Rapa mwenye nyimbo 80 anaweza kukuta thelathini zake hazimwingizii chochote. Lazima ukae naye mchague zipi zisukumwe na zipi ziachwe zipumzike.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma kulisema maana nampenda msanii huru: kujitegemea si kinga. Chance the Rapper aliifanya Coloring Book ya 2016 kuwa albamu ya kwanza kuingia Billboard 200 kwa kusikilizwa mtandaoni tu, namba nane, na Februari 2017 akaondoka na tuzo tatu za Grammy bila lebo. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba Apple walimlipa dola 500,000 ili kandamseto ile ikae kwao peke yao kwa wiki mbili, jambo alilolieleza mwenyewe. Na 2019 alipotoa albamu ambayo mashabiki wengi hawakuipokea vizuri, ziara yake ya kumbi kubwa ikafutwa. Mashabiki wa kujichimbia wanakupenda sana, na kwa sababu hiyohiyo wanasikia haraka unapowapa kazi ya chini.

Na neno "huru" lisikudanganye. Rapa Macklemore na prodyuza Ryan Lewis walipotoa albamu ya The Heist mwaka 2012 hawakuwa na lebo, lakini usambazaji waliukodi kwa kampuni tanzu ya Warner. Masta, yaani rekodi asilia za nyimbo, zikabaki zao, gari la kuzibeba likawa la mtu mwingine. Huo ndio mpango ambao ningependa rapa wangu aufikie siku moja.

Aliyeshikwa mkono

Hapa watu hupofuka. Jina la staa likitajwa, kila mtu mezani anakaa wima.

Mkono wa staa una nguvu, sikatai. 50 Cent, chini ya Eminem na Dr. Dre, aliuza nakala 872,000 za albamu yake ya kwanza kwenye wiki ya kwanza, Februari 2003. Drake alisaini Young Money ya Lil Wayne Juni 2009, na mwaka uliofuata Thank Me Later ikaanza na nakala 447,000. Ukisoma haraka utadhani mkono ndio uliofanya kazi yote. Rudi nyuma kidogo. 50 Cent alikuwa ameshatemwa na Columbia, akageukia kandamseto na kuzimwaga mtaani mpaka kila mtu alikuwa anamzungumzia kabla Eminem hajampigia simu. Drake alishatoa kandamseto ya So Far Gone Februari 2009 na wimbo wake Best I Ever Had ulikuwa unapanda chati kabla hajaweka sahihi, lebo kadhaa zikimgombania. Mikono ile ilimkuta mtu aliyekwisha simama.

Swali la kumuuliza aliyeshikwa mkono ni dogo: staa akiwa kwenye ziara yake miezi sita, wewe unafanya nini? J. Cole alisaini Roc Nation ya Jay-Z mwaka 2009, na albamu yake ikaja kutoka Septemba 2011. Zaidi ya miaka miwili ya kusubiri. Hakukaa bure. Novemba 2010 akaachia kandamseto ya Friday Night Lights, akaendelea kupiga shoo, na siku mlango ulipofunguka akaingia namba moja. Jay Electronica alisaini na lebo hiyohiyo Novemba 2010, akiwa tayari rapa ambaye wajuzi wengi wa michano walimweka juu ya karibu wote wa rika lake. Albamu yake ya kwanza ilitoka Machi 2020. Kama wewe ndiye uliyeweka fedha zako mwaka 2010, hiyo ni karibu miaka kumi ya kusubiri.

Kuna jambo la mkataba pia. Aliyeshikwa mkono mara nyingi anakuja akiwa amefungwa tayari, na kinachobaki kwa meneja mpya ni makombo. Muombe mkataba uusome wote. Kama amepewa kianzio (fedha za mbele) cha dola 50,000 kwa fungu la asilimia 20 ya mapato, lebo inajirudishia kianzio hicho kutoka kwenye fungu lake yeye. Maana yake kazi zake lazima ziingize dola 250,000 kabla hajaona senti nyingine, na gharama za video mara nyingi huongezwa juu ya deni hilohilo. Kama mkataba ni wa lebo kuchukua fungu mpaka kwenye shoo na fulana, basi hata ile meza ya fulana niliyoisimulia si yake peke yake. Megan Thee Stallion alisema hadharani mwaka 2020 kwamba alisaini akiwa na miaka kama 20 bila kujua yote yaliyokuwemo kwenye karatasi. Kama yeye hakuyajua, yule kijana aliyekaa mbele yako anaweza kuwa hayajui pia.

Wote watatu kwenye meza moja

Kwa mwendo wa fedha, aliyelipuka anaingiza mapema na kushuka mapema. Miezi sita ya kwanza hakuna wa kumfikia. Aliyejichimbia anaingiza kidogo, kwa kuchelewa, lakini mapato yake ya mwaka wa pili unaweza kuyakadiria bila kupiga ramli, kwa kuwa unajua wangapi walinunua mara ya kwanza. Aliyeshikwa mkono huwezi kumkadiria hata kidogo. Ratiba yake iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa gharama za kuanzia, aliyelipuka ana mtego ambao wengi hawauoni: leseni ya biti. Biti za bei ndogo mtandaoni huuzwa kwa leseni ya kukodi, nyingi zikiwa na kikomo cha nakala au cha mara za kusikilizwa, na prodyuza anabaki na haki ya kumuuzia mwingine biti ileile. Wimbo ukilipuka, kikomo kinavukwa ndani ya siku chache, na sasa unajadiliana na mtu anayejua kwamba huna pa kukimbilia. Old Town Road wenyewe ulikuwa na kipande kilichonakiliwa kutoka kwa bendi ya Nine Inch Nails, na ndiyo maana Trent Reznor na Atticus Ross wa bendi hiyo wako kwenye orodha ya watunzi wake.

Kuhusu orodha za magazeti za "wa kuangaliwa mwaka huu", zitumie kama taarifa tu. Ile ya XXL, jarida la rap la Marekani, ya 2010 ilikuwa na J. Cole, Wiz Khalifa, Big Sean, Nipsey Hussle na Freddie Gibbs, jicho kali kwelikweli, na ilikuwa na majina mengine ambayo biashara haikuyapokea. Drake na Nicki Minaj hawakuwemo. Na ukiwaangalia waliodumu kutoka kwenye kumi wale, Nipsey na Gibbs walipita mikononi mwa lebo kubwa na kutoka. Waliobaki nao ni watu wao.

Kwa hiyo, kwa mwenye akiba ya miaka miwili, jibu langu ni aliyejichimbia. Aanze kwa kukusanya namba na anwani za mashabiki wake mwenyewe badala ya kuwaachia majukwaa, kisha fulana, kisha kandamseto ya nakala chache zenye namba.

Mwenye fedha za miezi sita tu, na hana zaidi, amchukue aliyelipuka, lakini kwa mkataba mfupi wa shoo peke yake, na wimbo wa pili uwe umerekodiwa kabla ya shoo ya kwanza. Asiahidi albamu. Baada ya mwezi wa nne aende nyuma ya ukumbi, asimame karibu na meza ya sauti, asikilize.

Aliyeshikwa mkono ningemchukua kwa sharti moja: karatasi inayosema kwamba albamu isipotoka ndani ya miezi 18 yuko huru kuondoka na masta za nyimbo alizorekodi. Staa akikubali kuweka sahihi, ujue anamuamini kijana wake. Akikataa, mrudishie faili lake siku hiyohiyo na umpigie simu wa pili.